Uunge vipande mwenyewe, uchukue kifurushi, au upite kwa mtu wa kati? Njia tatu za kupata mfumo wa malipo na meseji: ulinganisho kwa wenye biashara wa Nyanda za Juu Kusini

Haipiti wiki bila watu wawili watatu kunipigia, mara mwenye shule Tukuyu, mara dada wa duka la pembejeo pale Uyole, mara jamaa wa viazi wa Isyonje, na wote wanataka kitu kilekile hata kama kila mmoja anakiita jina lake. Wanataka mfumo. Mteja alipe kwa simu, apate meseji, rekodi ikae mahali, na jioni mwenye mali aone hesabu bila kumtegemea kijana wa dukani. Wakienda kuulizia bei wanarudi vichwa vinawauma, maana mmoja kawaambia mamilioni, wa pili kawaambia lipa kidogo kidogo kila mwezi, wa tatu kacheka kasema hiyo mbona unaunga mwenyewe kwa hela ya bando.

Sasa ukweli ni kwamba wote watatu wanaweza kuwa sawa, maana wanauza sahani moja kwa njia tatu. Mfumo haupimwi kama kilo ya sukari. Sokoni kuna vipande: anayetuma meseji ni huyu, anayepokea malipo ni yule, sava, ile kompyuta inayobeba mfumo, iko nje ya nchi huko, ramani ni ya Google, na kila mmoja ana bei yake na masharti yake. Ni kama chipsi mayai. Viazi vimetoka Isyonje, mayai kwa mama mmoja Soweto, mafuta dukani, mkaa kwa mtu wa baiskeli, mteja yeye anaona sahani moja tu, na chipsi zikiungua hamtafuti muuza mkaa, anamshukia mkaanga chipsi. Kwa hiyo kabla hujaulizia bei jiulize kwanza nani atakuwa mkaanga chipsi wako, na yeye anajilipaje.

Tuanze na vipimo, halafu njia zote tatu tutazipitisha humohumo.

Tunapima kwa nini

Cha kwanza ni bei ya sahani nzima. Hapa ndo watu wengi wanapigwa, unaona meseji moja ni shilingi kadhaa, sava dola chache, makato ya malipo asilimia ndogo, unajumlisha unasema mbona bwerere. Ila vipande vinavyotegemeana vina tabia yake. Mwaka 1838 kuna Mfaransa anaitwa Cournot aliipigia hesabu hii kwa mfano wa shaba na zinki, mmoja anamiliki shaba yote, mwenzake zinki yote, na mnunuzi anataka zote mbili achanganye apate ile shaba ya manjano ya koki na vitasa. Akaonyesha kwamba kila mmoja akipanga bei kivyake, jumla inazidi ile ambayo mtu mmoja angeipanga kama angekuwa na vyote viwili.

Tuilete Mwanjelwa. Tuseme huduma ya meseji pamoja na malipo ikiwa bure wanaichukua watu 100, na kila bei ikipanda shilingi 10 anajitoa mmoja, ikifika 1,000 hakuna mtu. Mwenye vipande vyote viwili akitaka kupata hela nyingi kuliko zote ataweka bei 500, atabaki na wateja 50, mfukoni 25,000. Wakiwa wawili na kila mmoja anavutia kwake, kila mmoja anaishia kwenye 333 hivi, mteja analipa 667, wateja wanabaki 33, na wao wawili kwa pamoja wanaambulia elfu 22 na kitu. Yaani mteja kalipa zaidi na wauzaji nao wamepata kidogo zaidi, kila mtu kaumia. Wakiwa watatu ndo balaa, bei inafika 750 na wateja 25. Sababu ni kwamba anayepandisha bei ya kwake haoni kwamba anamfukuzia na mwenzake wateja.

Ila hesabu hiyo inasimama pale kila kipande kina mwenye nacho mmoja. Kipande chenye wauzaji watano wanaogombania wateja hakina jeuri hiyo, bei inashuka mpaka karibu na gharama. Kwa hiyo ukikuta kipande usikimbilie kuuliza bei, uliza wanakiuza wangapi. Sava wanauza wengi duniani. Meseji za jumla wapo kadhaa hapahapa nchini. Lakini kumfikia mteja mwenye laini ya mtandao fulani, mwisho wa siku mlango ni mmoja, wa mtandao huohuo, huwezi kusema huyu wa Vodacom nitamfikia kwa kupitia Airtel. Mlango huo una mwenyewe, na wote wanaokuuzia meseji wanalipia hapo.

Cha pili ni ikikwama. Mtu anakuambia huduma yangu iko hewani asilimia 99, unaona safi. Mwezi wa siku 30 una saa 720, kwa hiyo hiyo asilimia moja ni saa 7 na dakika kadhaa, unavumilia. Ila sahani yako ina vipande vitano na kila kimoja kikiwa 99, ukizidisha unapata 95 na kidogo, ambayo ni karibu saa 35 kwa mwezi kuna kitu hakifanyi kazi. Siku moja na nusu! Na hakuna muuzaji hata mmoja aliyekudanganya. Wakiwa asilimia 99.9 kila mmoja, unashuka mpaka saa 3 na nusu hivi. Hizo tarakimu za nyuma ya nukta watu wanazidharau na ndo zenye kazi.

Na hesabu hiyo inachukulia kwamba kila kimoja kinaharibika kwa siku yake. Wakati mwingine vipande vyako vitano vimekaa mgongoni kwa mtu mmoja na hujui. Tarehe 20 Oktoba 2025 eneo moja la sava za Amazon kule Virginia, Marekani, lilipata shida, zikaanguka huduma kibao duniani ambazo hata hazijuani. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, intaneti ikawa ya kuvizia Tanzania na majirani, waliokuwa na sava Ulaya na waliokuwa nayo Marekani wote wakakaa kwenye benchi moja.

Cha tatu ni kuhama. Ukitaka kumwacha huyu uende kwa yule, inakugharimu nini? Usidhani bei ya leo ndo ya miaka yote. Ramani za Google mpaka 2018 tovuti ilikuwa inaruhusiwa kufungua ramani mara 25,000 kwa siku bure, halafu mwaka huo wakabadilisha, ukawa unapewa salio la dola 200 kwa mwezi ambalo linatosha kufungua ramani kama mara 28,000 kwa mwezi mzima. Toka hesabu ya siku kwenda hesabu ya mwezi. Aliyekuwa amejenga kila kitu juu ya ramani hiyo alikuwa na mawili, alipe au abomoe. Wengine walihamia ramani za OpenStreetMap ambazo data yake ni ya wazi, na waliohama kwa amani ni wale ambao hawakuisambaza ramani kila kona ya mfumo wao.

Cha nne ni jasho. Ronald Coase mwaka 1937 aliuliza, kama soko ni zuri hivyo, kampuni zipo za nini, si kila mtu angenunua kila kitu sokoni? Jibu lake ni kwamba kutumia soko kwenyewe kunagharimu: kumtafuta muuzaji, kupatana, kufuatilia. Ukijenga nyumba unaijua hii, unaweza kununua tofali, nondo na saruji mwenyewe ukamlipa fundi ufundi tu, ni rahisi kwa karatasi, ila kila siku uko saiti unahesabu mifuko.

Cha tano nakigusa tu: taarifa za wateja zinashikwa na nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo orodha ya namba za wazazi au wakulima si ya kugawa gawa. Kila kipande unachoongeza ni mkono mwingine unaoiona.

Njia ya kwanza: unaunga vipande mwenyewe

Unafungua akaunti kwa kila muuzaji, unamlipa developa akuandikie programu inayovishikanisha, wewe ndo mkaanga chipsi.

*Bei.* Kwa mwenye biashara ya msimu hii inaweza kuwa rahisi kuliko zote, na huku kwetu nani hana msimu? Viazi vina miezi yake, parachichi lina miezi yake, mpunga wa Mbarali na Kyela hivyohivyo. Vipande vingi vinalipiwa kwa matumizi, hujatuma meseji hulipi. Tuseme kifurushi ni 50,000 kila mwezi, mwaka ni 600,000 uwe na kazi usiwe na kazi. Ukiunga mwenyewe na kila muamala ukakugharimu 150, na una miamala 1,000 kwa mwezi lakini miezi mitatu tu, umetumia 450,000. Ukivuka miamala 4,000 kwa mwaka hesabu inageuka. Hapo bado sijaweka hela ya developa, na hiyo ndo watu wanaifichaga kwenye hesabu ili roho zao zitulie.

Kuna na vidude vidogo vinavyokula hela kimyakimya. Meseji ni herufi 160. Ukizidisha moja tu inahesabiwa mbili, tena zikiunganishwa kila moja inabeba 153. Ukiweka emoji hata moja, kale ka mkono ka asante, meseji nzima inashuka mpaka herufi 70. Nimeshaona mtu analipia meseji tatu kwa kila mzazi kisa ua waridi mwishoni.

*Ikikwama.* Hapa acha niwasimulie. Msimu mmoja niliwaungia wakusanyaji wa viazi, gunia likipimwa mkulima anapata meseji, jioni hela inaingia kwenye simu yake. Vipande vilikuwa vitatu tu na developa alikuwa mimi. Ikafika siku ya malipo ya wakulima 43, wote wakapata meseji "umelipwa", na hela haikuingia kwa hata mmoja. Nikapiga kwa watu wa malipo, wakasema sisi tumepokea maombi yako yote, yapo kwenye foleni, angalia upande wa meseji. Watu wa meseji wakasema sisi meseji zimefika zote, na kweli zilikuwa zimefika ndo maana nilikuwa na watu uwani! Mwenye sava hata simu hana, ni barua pepe tu. Mzee mmoja alikuja na panga, wala hakutishia mtu, alikuwa anatoka shamba, ila mimi nilizungumza kwa adabu ambayo mama yangu hajawahi kuisikia.

Kosa nilikuja kuliona usiku wa pili. Programu yangu ilikuwa inatuma meseji pale ombi la malipo linapo*pokelewa*, badala ya kusubiri jibu kwamba lime*kamilika*. Kila muuzaji alikuwa kafanya sehemu yake sawasawa kwa mujibu wa mkataba wake. Katikati ya mikataba mitatu kulikuwa na pengo, na kwenye pengo nilikaa mimi. Kwenye njia hii ile katikati hakuna anayekuuzia na hakuna anayekufidia. Ukiona bei imekuwa ndogo ujue ni kwa sababu bima ya pengo umejikatia mwenyewe.

*Kuhama.* Hapa inazishinda zote. Muuzaji wa meseji akizingua unabadilisha huyo mmoja, vingine vinabaki, mradi developa wako hakutapakaza jina la muuzaji kila mahali kwenye programu. Ila angalia usije ukawa umefungwa na developa badala ya muuzaji, maana kijana akipata kazi Dar na hakuandika chochote, umebaki na nyumba isiyo na ramani ya nyaya.

*Jasho.* Jingi. Mikataba mitatu, invoisi tatu, bili za dola zinazopanda shilingi ikiteleza, kusajili jina litakalotokea kwenye meseji, nywila za kutunza.

*Inamfaa:* mwenye developa wa kudumu au yeye mwenyewe anajua, mwenye kazi ya kipekee ambayo hakuna kifurushi kilichoifikiria, na mwenye msimu mfupi. Vijana waliotoka MUST, chuo chetu cha sayansi na teknolojia Mbeya, wanaotaka kuanzisha kitu chao nao, maana hata makosa yake yanafundisha.

Njia ya pili: kifurushi kizima

Kampuni moja inakupa kila kitu, unalipa kwa mwezi au kwa mwaka, unapewa na namba ya kupiga. Mifumo ya shule, ya maduka ya dawa, ya gesti na ya saccos mingi inakuja hivi.

*Bei.* Kwa hesabu ya Cournot kifurushi kinapaswa kuwa nafuu, mtu mmoja anapanga bei moja badala ya watatu kuvutana. Ila muulize swali moja, vipande hivi ni vyako au na wewe unanunua? Wengi hawana mtandao wa simu wala leseni ya malipo, nao wananunua kwa watu wa kati, kwa hiyo faida za watu watatu zimepangwa humo ndani zikafunikwa na karatasi moja la zawadi.

Halafu kwa nini wanapenda kufunga pamoja? Si ubaya, ni hesabu. Chukua shule inayothamini meseji kwa 40,000 na hesabu za ada kwa 10,000, na duka la dawa ambalo ni kinyume, meseji 10,000 na hesabu 40,000. Akiuza kimoja kimoja kwa 40,000 kila mmoja ananunua kimoja, anapata 80,000. Akifunga pamoja kwa 50,000 wote wananunua, anapata 100,000, na kila mteja kapata vyote viwili kwa bei ambayo kwake ni sawa kabisa. Tatizo linakuja ukiwa hufanani na wale wateja aliowapigia hesabu. Wewe unataka meseji tu, unalipia moduli ya maktaba, ya basi la shule na ya bweni wakati watoto wako wote wanatembea kwa miguu. Naitaga lumbesa ya kinyume, gunia limejazwa mpaka juu likashonewa kilemba ila anayeumia ni anayebeba.

*Ikikwama.* Unapiga namba moja. Hii ni thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, kumi na mbili jioni siku ya kufunga shule hutaki kujua nani kakosea, unataka mtu aseme "tunalishughulikia". Ila kupokea simu siyo kuwajibika. Soma mkataba, uone kama mfumo ukilala siku mbili wanakukatia bili ya siku mbili au wanakupa pole.

*Kuhama.* Hapa ndo panapouma. Rekodi za miaka minne ziko kwao, kwa mpangilio wao. Mimi huwa nawaambia watu wafanye jaribio kabla ya kulipa: ingiza wanafunzi kumi wa uongo, halafu waambie nipeni taarifa zangu zote leo kwenye Excel. Wakikupa siku hiyohiyo safi. Wakianza "hiyo inabidi tuongee na timu ya ufundi" basi umeshajibiwa.

*Jasho.* Dogo. Wanakuja wanafundisha walimu, wanaondoka. Ukitaka kitu kidogo kibadilike, mfano risiti iandikwe jina la kijiji, unaingia foleni ya wateja wote wa nchi nzima.

*Inamfaa:* ambaye kazi yake inafanana na ya wenzake. Shule ni shule, iwe Tukuyu iwe Mafinga, duka la dawa hivyohivyo. Pia asiye na mtu wa kompyuta, na ambaye kazi yake ni ileile miezi kumi na mbili, hana msimu wa kulala.

Njia ya tatu: mtu wa kati

Huyu hakupi mfumo mzima, anakupa mlango mmoja unaofungua milango mingi. Unaunganisha API moja, yaani njia ambayo programu yako inaongea na mfumo wake, unafikia mitandao yote, au unachukua lipa namba moja watu wanalipa kutoka kokote. Kina Africa's Talking na Beem kwenye meseji, Selcom kwenye malipo, ndo aina hiyo. Juu yake bado unahitaji kaprogramu kako, ila kadogo.

*Bei.* Mtu wa kwetu akisikia mtu wa kati anamkumbuka dalali wa viazi na roho inachafuka. Ila tuwe wakweli, dalali tunamtukana Isyonje lakini yeye ndo anamjua mwenye lori na anajua leo sokoni Mabibo, Dar, kumeamkaje. Tuna mitandao ya simu mitano, Vodacom, Airtel, Yas ambayo zamani ilikuwa Tigo, Halotel na TTCL. Biashara 20 zikienda zenyewe kwa kila mtandao ni mikataba 100. Akikaa mtu wa kati ni mitano yake na ishirini yenu, jumla 25. Hiyo mikataba 75 iliyopotea ni safari, mawakili na muda, na faida yake anaikata humo. Tena ananunua kwa wingi, kwa hiyo hata akiongeza cha juu bado anaweza kukuuzia chini ya bei ambayo mtandao ungekupa wewe mwenye meseji mia tatu. Ukikua mpaka ukawa na malaki ya meseji ndo cha juu chake kinaanza kuonekana.

Na tukumbuke kwamba nguvu ya mtu wa kati inapungua pale wenye mitandao wanapounganishwa chini kwa chini. M-Pesa imeingia Tanzania 2008 na kwa miaka kila mtandao ulikuwa kisiwa. Kuanzia 2014 mitandao ikaanza kupatana kutumiana hela moja kwa moja, Vodacom akaingia 2016, na sasa Benki Kuu ina mfumo wake wa TIPS unaounganisha benki na mitandao. Aliyekuwa anakuuzia daraja tu inabidi atafute kingine cha kuuza: ripoti nzuri, huduma kwa mteja, uharaka.

*Ikikwama.* Nusu kwa nusu. Anakupokea simu, ila tatizo likiwa kwa mtandao na yeye anasubiri kama wewe. Faida yake ni kwamba mteja mmoja wa Mbalizi akilalamika mtandao haushtuki, mtu wa kati mwenye biashara elfu moja nyuma yake akilalamika anasikilizwa. Kitu cha kumbana: "imetumwa" na "imefika" ni vitu viwili, dai ripoti ya kufika. Meseji ya bei ya kutupa wakati mwingine imepita njia za panya na haifiki kabisa.

Kwenye malipo ongeza maswali mawili. Hela ya wateja wangu inalala kwako siku ngapi kabla hujanipa? Na leseni ya Benki Kuu ipo? Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 ndo inayosimamia hayo, na tawi la Benki Kuu lipo hapahapa Mbeya, siyo mbali kwenda kuuliza. Siku tatu za hela kulala ni kama mkopo umempa bila riba, na mwenye duka la mtaji mdogo mzigo wa Ijumaa anaununua na hela ya Alhamisi.

*Kuhama.* Katikati ya njia zile mbili. Rekodi ni zako, ziko kwako, ila jina la meseji na namba ya malipo ulizosajili kupitia kwake uliza mapema ni za nani ukiondoka. Namba ya malipo ambayo umeshaichapisha kwenye mabango barabarani haihami kirahisi.

*Jasho.* Wastani. Developa wa siku chache, siyo wa kudumu.

*Inamfaa:* biashara inayokua, yenye wateja wa mitandao mchanganyiko, yenye kijana anayejua kidogo lakini hataki kulala na simu mkononi.

Sasa wewe uko wapi

Una shule au duka la dawa na huna mtu wa kompyuta: chukua kifurushi, fanya lile jaribio la Excel, lipa kwa muhula na siyo kwa mwaka ule wa kwanza, na mwambie wazi moduli usizozitaka, wengine wanapunguza bei ukiomba na wasipoombwa hawasemi.

Una AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ya kahawa Mbozi au kikundi cha parachichi Rungwe chenye msimu na utaratibu wenu wa madaraja ya mazao: kifurushi kitawabana. Pitieni kwa mtu wa kati kwa meseji na malipo, halafu muwekeni developa aandike sehemu ya kupima na kurekodi tu. Na kwenye kila malipo meseji isitoke mpaka jibu la "imekamilika" lirudi, tafadhalini, kwa ajili yenu na kwa ajili ya huyo developa.

Uko Tunduma na nusu ya wateja wako wana laini za Zambia: vifurushi vingi vimepangwa kwa namba za ndani, na meseji ya kwenda +260 ina bei yake nyingine kabisa. Omba bei ya nchi zote mbili kwa maandishi, na malipo ya kwacha yaache yawe kipande cha pembeni, usiyalazimishe ndani ya mfumo mmoja.

Una gesti Iringa inayopokea wageni wa Ruaha, kamwene: wageni wanataka kadi na kuweka nafasi mtandaoni, wenyeji wanataka lipa namba. Kifurushi cha kuweka nafasi kwa wageni, mtu wa kati kwa wenyeji, na daftari moja la vyumba ambalo mtu mmoja tu analiandika, vinginevyo utauza chumba kimoja mara mbili.

Una genge Kabwe na wateja 30: lipa namba na daftari vinakutosha kwa sasa.

Una developa wako na wazo ambalo hakuna anayeliuza: unga mwenyewe, ila kwa kila kipande andika jina la muuzaji wa pili utakayemkimbilia, na umpigie simu huyo wa pili kabla hujamhitaji. Ukikosa wa pili kabisa, hicho ndo kipande cha kupatania bei ya miaka miwili kwa maandishi kabla hujaandika mstari hata mmoja wa programu.